Sifa za Meza Kuu

Wanaosema hesabu hazina faida mtaani hawajawahi kupanga meza kuu ya mkutano wa korosho, uwe wa Nachingwea au wa Ruangwa. Mimi hupewa kazi hiyo kila msimu, eti kwa kuwa nilisomea hesabu.

Tazama neema yake. Viti 7, watu 7: mgeni rasmi, mkuu wa wilaya, mbunge, mwenyekiti wa halmashauri, mkurugenzi, shehe na padri. Wakiachiwa wakae wapendavyo, ziko njia 5,040, si utachanganyikiwa? Ndipo itifaki inapokuja kutuokoa. Mgeni rasmi katikati: zimebaki 720. Mkuu wa wilaya kuumeni kwake: 120. Mwenyekiti na mkurugenzi hawasalimiani tangu bajeti ipite, basi wasigusane viwiko: 84. Shehe na padri wakae pamoja, picha ipendeze: 20. Kutoka maelfu hadi 20, bila hata mtu kukunjana mashati! Mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas aliuliza mwaka 1891 wanandoa waizunguke meza kwa njia ngapi, wanaume na wanawake wakipishana, pasiwe na mtu aliyekaa ubavuni mwa mwenzi wake. Jozi 3 zina njia 12. Lucas alikuwa na raha yake: wageni wake hawakuja na msafara.

Sifa nyingine? Meza kuu inauza maua ya plastiki na maji ya chupa. Inafundisha subira, maana mgeni rasmi wa saa 4 huingia saa 7. Akiingia na "wenzangu wawili nimeongozana nao", zile njia 20 zinakuwa sifuri, na mimi ndiye ninayebeba viti kichwani mbele ya umati huku mshereheshaji akitangaza kwamba itifaki imezingatiwa. Imezingatiwa na nani?

Na wakulima? Hao hawana masharti. Wako chini ya mwembe, juu ya matofali, wengine wima juani, na hakuna aliyewahi kuniomba niwahesabie njia. Majina yao hayamo kwenye ratiba. Yamo kwenye daftari la AMCOS, chama chao cha ushirika, kwenye safu ya makato. Ndiyo wanayotaka kuuliza: makato ya nini, na fedha lini. Wamewekewa dakika 5, kati ya neno la shukrani na chakula.

Safari hii mama mmoja alisimama. Akaambiwa kwanza ajitambulishe, kisha aitambue meza kuu. Akaanza na mgeni rasmi, kwa heshima zote. Alipofika kwa padri, dakika zilikuwa zimekwisha.