Jinsi ya Kuchagua Heda ya Kombaini Bila Kubomoa Geti la Jirani

Nenda Moiben au Ziwa, kaunti ya Uasin Gishu, ngano inapoanza kukauka, usimame karibu na kombaini yoyote iliyoegeshwa. Swali la kwanza utakalosikia ni la futi. "Hii heda ni futi ngapi, mzee?" Anayejibu ishirini hupanda cheo papo hapo. Mwenye kumi na mbili huwahi kueleza kwamba mashine ni ya shemeji. Mimi niko upande wa shemeji, na mwongozo huu nimemwandikia yeye: mkulima mwenye ekari 40 za ngano, mahindi kidogo, ng'ombe wa maziwa, kondoo kadhaa na majirani ambao angependa waendelee kumsalimia.

Heda ni ile sehemu ya mbele yenye visu, inayoteremshwa karibu na ardhi ili ikate ngano na kuisukuma katikati, iingie kwenye ngoma ya kupuria. Upana wake ndio unaoonekana barabarani, na ndiyo maana watu huununua kwa macho.

Kwa hiyo anza na kamba. Pima geti lako, geti la jirani, daraja, na ile njia ya kaiyaba ambayo kila mwaka inazidi kuwa nyembamba. Heda pana haisafiri ikiwa imefungwa kwenye kombaini. Inavuliwa, inalazwa kwa urefu juu ya trela yake na kuvutwa nyuma. Heda ya futi 20 ni zaidi ya mita 6, na hapo hujahesabu ulimi wa trela. Ijaribu kwenye kona ya murram iliyonyeshewa, ng'ombe wa watu wakikuangalia. Mwenye shamba moja kubwa huivua mara moja kwa msimu. Wewe mwenye kipande cha urithi hapa, cha kukodi kule na cha mama mkwe ng'ambo ya mto, utafungua na kufunga mipira ya haidroliki kila ukihama, na kila ufunguaji ni nafasi mpya ya vumbi kuingia kwenye mafuta.

Ukimaliza kupima geti, tazama koo. Heda ni mdomo, ngoma ni koo, na mdomo mpana haujawahi kupanua koo la mtu. Chukua heda ya futi 14 ikienda kilomita 5 kwa saa. Toa muda wa kugeuza na kumwaga nafaka, uhesabu kwamba asilimia 70 ya saa ndiyo kazi halisi. Unapata karibu ekari 3.7 kwa saa. Ngano ikitoa magunia 20 ya kilo 90 kwa ekari, mashine inapokea karibu tani 6.6 za nafaka kila saa, bila kuhesabu majani. Ikiwa huo ndio uwezo wa ngoma na vichekecheo vyako, funga heda ya futi 20 uone kitakachotokea: utalazimika kushuka hadi kilomita 3.5 kwa saa, na ekari zitabaki zile zile. Umenunua futi sita za kutembeza polepole. Ukikataa kupunguza mwendo, majani yatajaa juu ya vichekecheo, punje zishindwe kupenya, na ngano yako itapita nyuma ya mashine kurudi shambani.

Hili walilielewa watu wa Allis-Chalmers huko Marekani zamani sana. Mwaka 1935 walitoa kombaini ndogo ya kuvutwa na trekta, All-Crop 60, kwa ajili ya mashamba madogo yenye mazao mengi. Visu vyake vilikuwa na upana wa futi 5 tu, na ngoma yake nayo futi 5. Kilichokatwa kiliingia moja kwa moja bila kusongamana. Naipenda mashine hiyo kwa sababu waliomuundia mkulima mdogo walianzia kwenye shamba lake.

"Lakini mvua?" utaniuliza. Swali halali kabisa, maana ngano ikinyeshewa ikiwa imekomaa huweza kuota ikiwa bado kwenye suke. Basi tuhesabu. Asubuhi kuna umande, alasiri wingu linakuja. Tuseme una saa 6 za kazi kwa siku. Futi 14 zitamaliza ekari 40 kwa takriban saa 11, yaani siku mbili. Futi 20 zenye ngoma inayolingana nazo zitamaliza kwa saa 7 na nusu, ambazo nazo ni siku mbili. Hata futi 10 zinamaliza siku ya tatu. Mvua iliyokukuta kwa futi 14 isingekuogopa kwa futi 20.

Kuhusu ardhi sitakawia. Palipo na vichuguu, mawe na matuta ya kuzuia mmomonyoko, heda pana isiyojipinda huchimba udongo upande mmoja na kuacha ngano upande wa pili. Kwenye mahindi upana haupimwi hata kwa futi: hesabu mistari. Ukipanda kwa sentimita 75, heda ya mahindi iwe ya sentimita 75, na idadi ya mistari yake ilingane na ya mashine ya kupandia, au igawanye idadi hiyo kwa usawa.

Sasa tuje kwa ng'ombe, ambao hakuna muuzaji wa kombaini aliyewahi kuwauliza maoni yao. Kwenye shamba la mazao na mifugo, majani ya ngano ni mavuno ya pili. Ni matandiko, na ni lishe ya kujaza tumbo Februari nyasi zinapoisha, hasa yakitiwa molasi. Ili kuyapata unazima kile kifaa cha kukatakata nyuma ya mashine na kukata ngano chini zaidi. Lakini ukikata chini, majani mengi zaidi yanapita kwenye ngoma, na uwezo ule tuliouhesabu unapungua. Kisha majani hayo huanguka kwenye mstari mmoja nyuma ya kombaini. Mstari wa heda ya futi 20 ni mnene: mashine ndogo ya kufunga marobota, ikivutwa na trekta ya kawaida, itakabwa kila baada ya hatua chache. Nisiwe mpendeleaji: kwenye ngano hafifu, futi 10 hutoa mstari mwembamba mno na trekta inatembea sana kwa robota moja. Nimeona futi 12 hadi 14 zikielewana vizuri na mashine hizo ndogo za marobota.

Kondoo nao wamo. Baada ya mavuno unawafungulia wale mabaki. Wakikuta ngano nyingi iliyomwagika watakula hadi tumbo lijae asidi, na mnyama anaweza kufa. Kabla ya kuwafungulia, piga magoti uhesabu punje. Punje elfu moja za ngano zina uzito wa gramu 40 hivi, kwa hiyo wastani wa punje 550 kwa kila mita ya mraba, kwenye upana wote wa heda, ni gunia zima la kilo 90 limebaki kwenye ekari moja. Hesabu pale majani yalipoanguka na pembeni pia, maana punje za kutoka kwenye vichekecheo hujikusanya katikati na zinaweza kukutisha kuliko hali ilivyo. Ukiona zimezidi, punguza mwendo kwanza. Mwendesha kombaini atanung'unika. Mwache anung'unike, gunia ni lako.

Kwa shemeji wa ekari 40, basi: futi 12 ikiwa njia ni nyembamba na vipande ni vingi, futi 14 ikiwa shamba limekaa pamoja. Zaidi ya hapo nunua tu ikiwa ngoma nayo imekua na una kazi ya kulipwa kwenye mashamba ya wengine. Na ikiwa mwenye mashine wa karibu hufika kwa wakati, kodi, pesa ziende kwenye ghala na kipima unyevu. Ukiamua kununua, mwambie muuzaji aijaribu mashine ndani ya ngano yako, kwenye mteremko wako, baada ya kupita geti lako. Akikataa, rudi na pesa zako nyumbani.