Sifa kwa Machicha ya Busaa

Nyatiti, zeze la Waluo, inapolia Asembo Bay, mwenye hamu ya sifa hutoa noti, muziki husimama, naye hujisifu na kuwasifu wakwe, marafiki na ng'ombe wake. Hiyo ndiyo pakruok. Husifiwa hata shemeji aliyehamia Nairobi asirudi. Lakini chachu ya busaa, pombe yetu ya nafaka, haisifiwi. Inachangamsha boma zima usiku kucha, na kukicha machicha yake wanamwagiwa kuku.

Basi leo noti ni yangu. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alichunguza mashapo ya pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akakuta humo chachu yenye umbo la kijiti, akaiita Schizosaccharomyces pombe. Ikaingia vitabuni na jina la kilabuni, bila kuombwa kitambulisho.

Na ina adabu! Hurefuka taratibu, wala haigawanyiki kabla ya kutimiza kimo. Ikitimiza, hujikata katikati, nusu kwa nusu, bila kesi ya urithi. Mnywaji gani anajua kipimo chake hivyo? Miaka ya 1970, mtafiti Paul Nurse akiwa Edinburgh, aliona chachu zinazojigawa mapema mno, vibete watupu. Jeni iliyoharibika, wee1, ndiyo iliyokuwa breki. Nyingine, cdc2, ndiyo inayotoa amri ya kugawanyika. Ikiharibika, seli hurefuka tu, haizai. (Najua, Asembo ukitaja CDC watu huwaza watafiti wa malaria na vyandarua vya miaka ya 1990. Hii ni nyingine, haigawi chochote ila yenyewe.)

Mwaka 1987 Nurse na Melanie Lee walitia jeni ya binadamu ndani ya chachu ambayo cdc2 yake ilikuwa na kasoro. Chachu ikagawanyika kama kawaida. Kumbe mnywaji na kinacholewesha ni ukoo mmoja! Chifu anayekuja kumwaga mitungi ajue anamwaga mashangazi zake.

Mwaka 2001 Nurse alipata Tuzo ya Nobel, pamoja na Tim Hunt na Leland Hartwell, huyu wa mwisho akiwa mtafiti wa chachu ya mikate. Chachu zenyewe hazikualikwa Stockholm. Ila saratani ni seli zisizosikia breki, na palbociclib, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, hufanya kazi kwa kuzuia protini za ukoo huo huo wa cdc2.