Namna ya Kushinda Kombe na Kubaki na Watazamaji: Mwongozo kwa Vikundi vya Maigizo vya Moshi na Migombani

Kila kikundi cha maigizo, kuanzia Majengo na Pasua hadi Marangu, Machame na Rombo, kinataka kombe. Kombe hupendeza kwenye meza ya Afisa Utamaduni. Humtuliza baba aliyekuwa akisema kijana wake anapoteza muda na vichekesho. Humfanya mfadhili aliyekuwa hapokei simu apige yeye mwenyewe. Kulitaka si kosa. Kosa huanza siku kikundi kinapoacha kuwaigizia watu na kuanza kuwaigizia majaji, kwa sababu majaji huondoka na gari la jioni, na watu ndio wanaobaki. Mwongozo huu ni wa kikundi kinachotaka vyote viwili.

Hatua ya 1: Jua kombe liko wapi

Kabla ya kusafisha kabati la kuwekea tuzo, angalia tuzo zenyewe zinakwenda wapi. Zile za Kilimanjaro Music Awards zilibeba jina la mlima wetu kwa miaka mingi, lakini zilikuwa za muziki. Tamasha la ZIFF la Zanzibar, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, hutoa jahazi la dhahabu kwa filamu. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hutolewa tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu, nayo huhukumu miswada. Tamasha la Bagamoyo, lililoanza mwaka 1982, ni jukwaa la heshima kubwa, lakini huko mtu hufuata kuonekana kuliko kufuata kombe.

Matokeo yake yanaonekana hapa hapa Moshi. Mwigizaji hodari huhamia kwenye filamu kwa sababu huko kuna zulia jekundu. Mwandishi hodari huandika tamthiliya ya kusomwa kwa sababu karatasi ndiyo inayohukumiwa. Jukwaa hubaki na wale wanaolipenda bila masharti, na wao pia wana kodi ya nyumba. Tuzo humfundisha msanii kitu gani kina thamani, hata kama aliyeitunga hakukusudia somo hilo.

Basi fanya hivi: ukiandika tamthiliya, iigize kwanza, kisha upeleke mswada. Mazungumzo yaliyopita kinywani mwa mwigizaji na masikioni mwa watu wa Kiborloni huwa yameshapunguzwa mafuta. Jaji atadhani una kipaji cha pekee, kumbe hadhira ilikusaidia kuhariri.

Hatua ya 2: Tambua kwamba mtihani ndio tuzo kubwa kuliko zote

Hakuna kombe nchini lililowahi kuipa tamthiliya wasomaji wengi kama orodha ya vitabu vya sekondari. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wamesoma *Orodha* ya Steve Reynolds, *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba, na *Kilio Chetu* ya Medical Aid Foundation. Wa kidato cha tano na cha sita wamekutana na *Kwenye Ukingo wa Thim* ya Ebrahim Hussein, *Morani* ya Emmanuel Mbogo na *Nguzo Mama* ya Penina Muhando. Kuingia kwenye orodha hiyo ni ushindi ambao hauishii mwaka mmoja.

Lakini angalia uhakiki uliozaliwa humo: dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo, muundo, mtindo. Mwanafunzi wa Weruweru, Umbwe au Old Moshi anaweza kukupangia dhamira za *Ngoswe* kwa herufi na namba, na asiwe amewahi kumwona karani yule wa sensa akimtazama Mazoea huku kazi ya serikali ikimponyoka. Tumelea maelfu ya wahakiki wa michezo ambayo hawajawahi kuiona ikichezwa.

Hapa kuna riziki inayokusubiri. Chukua tamthiliya ya mtihani, ifanyie mazoezi, nenda shuleni kabla ya mitihani. Mkuu wa shule ataelewa faida yake hata kabla hujamaliza salamu. Toza kiingilio kidogo ambacho mwanafunzi anakimudu. Baada ya onyesho, keti na wanafunzi uwaulize kama Ngoswe, karani yule, alistahili yaliyompata. Utapata uhakiki ambao hakuna kitabu cha mwongozo kimewahi kuuchapa.

Hatua ya 3: Chagua majaji wako kabla majaji hawajakuchagua

Mwaka 1977, huko Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, wanakijiji walifanya mazoezi ya *Ngaahika Ndeenda*, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, mahali pa wazi. Aliyepita alisimama, akatazama, akasahihisha. Wakulima na wafanyakazi walisema wazi mahali ambapo maneno hayakuwa ya kwao, na waandishi wakabadilisha. Onyesho lilipofunguliwa Oktoba, watu walifurika. Serikali ilifuta leseni mwezi uliofuata, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Hakuna kombe lililotolewa pale, na hadi leo ni vigumu kutaja onyesho la Afrika Mashariki lililohakikiwa vizuri zaidi na wenyewe.

Nawe fungua mazoezi yako ya mwisho. Alika mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, dereva wa bodaboda, katekista, Mangi wa dukani, na mwalimu mmoja mstaafu ambaye hajafurahishwa na kitu chochote tangu astaafu. Waulize maswali matatu: ni wapi hukuelewa, ni wapi ulichoka, na ni nani hukumwamini? Andika majibu bila kujitetea. Mwongozaji anayejitetea mbele ya mama wa ndizi hatakuwa na ustahimilivu mbele ya jaji yeyote.

Hatua ya 4: Usiiigizie karatasi ya alama

Ukivuka mpaka pale Holili ukaingia Taveta, umefika kwenye nchi yenye mashindano makubwa ya maigizo ya shule katika eneo letu. Tamasha la maigizo la shule na vyuo vya Kenya lilianza mwaka 1959. Michezo hupanda ngazi kwa ngazi hadi taifa, na washindi huigiza mbele ya Rais. Faida yake ni ya kuonewa wivu: vizazi vya waigizaji, waandishi na walimu wanaojua kuongoza jukwaa vimetokea humo. Sisi tunayo UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ambako ngoma na kwaya hupata nafasi pembeni ya mpira, lakini maigizo hayajapata ngazi kama ile.

Tamani ngazi yao, na jifunze pia walikoteleza. Penye karatasi ya alama, shule huanza kuajiri waandishi na waongozaji wa nje, mapambo ya jukwaa huwa mazito, na mtoto anaweza kusimama kutamka maneno ambayo hakushiriki kuyafikiria. Na umaarufu huleta macho ya wakubwa. Mwaka 2013 mchezo wa shule ya wasichana ya Butere, *Shackles of Doom*, ulioandikwa na Cleophas Malala, ulizuiwa, na Mahakama Kuu ikaamuru uruhusiwe. Mwaka 2025 shule hiyo hiyo, kwa mwandishi huyo huyo, ilifika Nakuru na *Echoes of War* kwa amri nyingine ya mahakama. Wasichana wakapanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka bila kuigiza.

Kwa hiyo, kabla ya kusaka sifa, kikundi kikae kikubaliane: mchezo huu tunausema kwa sababu gani, na tukiambiwa tuukate, mstari upi hatutaukata? Swali hilo lijibiwe mapema, wakati chai bado ina moto na hakuna anayetishwa na mtu.

Hatua ya 5: Shindana, lakini uangalie kinachokua

Ushindani hujaza viti. Dar es Salaam ya miaka ya 1990 ililijua hilo kupitia Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga na Tanzania One Theatre, TOT, iliyoanzishwa mwaka 1992 chini ya Kapteni John Komba. Mashabiki waligawanyika kama Simba na Yanga, na jaji alikuwa umati wenyewe. Onyesho moja lilibeba ngoma, sarakasi, maigizo na taarabu. Lakini shangwe ilipozidi kuelekea kwenye mipasho ya Khadija Kopa na Nasma Khamis, taarabu ndiyo iliyonenepa. Leo watu wazima huzikumbuka nyimbo zile neno kwa neno. Waulize wakutajie mchezo mmoja wa kuigiza wa maonyesho yale, uone watakavyokuna kichwa.

Kinachopigiwa makofi hukua, na kisichopigiwa hukonda. Kama vikundi viwili vya Moshi vinataka kupambana, na vipambane! Kubalianeni tu kwamba mpambano ni wa mchezo kamili wenye mwanzo na mwisho, kwamba hakuna kuibiana waigizaji wiki ya mwisho, na kwamba watazamaji wakitoka waseme ni nini kiliwagusa, wasiishie kusema nani kashinda.

Hatua ya 6: Jifunze kushindwa kabla hujashindwa

Washiriki wa Kilimanjaro Marathon wakifika Moshi kila mwaka, saa ndiyo inayoamua, na saa haina shemeji. Maigizo hayana saa. Yana binadamu kadhaa mezani, mmoja ana njaa na mwingine ameshachelewa gari la Arusha.

Sophocles wa Athens alipeleka mashindanoni kundi la michezo ambamo ule wa Mfalme Oedipus ulikuwamo, akawa wa pili. Wa kwanza aliitwa Philocles, na watu wengi hulisikia jina lake kwa sababu tu alimshinda Sophocles. Mchezo ule wa nafasi ya pili uliishi zaidi ya miaka 2,000, hadi Samuel Mushi akautafsiri kwa Kiswahili kama *Mfalme Edipode*, uliochapishwa mwaka 1971. Mkikosa kombe, pandeni gari, rudini Moshi, na Jumamosi inayofuata igizeni tena. Mchezo unaokufa siku ya matokeo ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya siku hiyo.

Hatua ya 7: Lea mhakiki

Hapa ndipo penye upungufu wetu mkubwa, na ndipo penye tiba. Kombe humwambia msanii kwamba ameshinda. Mhakiki humwambia kwa nini. Bila mhakiki, kombe halifundishi.

Moshi haikosi desturi ya kubishana hadharani. Miaka ya 1950 watu wa Uchagga walikuwa na gazeti lao la Kiswahili, *Komkya*, ambamo mambo ya nchi yao yalijadiliwa na wasomaji wenyewe. Leo kuna Radio Sauti ya Injili na redio nyingine za mji. Dakika kumi kwa wiki zinatosha kuzungumzia onyesho moja. Mtafuteni kijana anayependa kusoma na asiyeogopa kununiwa, mpeni masharti haya:

Alipe kiingilio. Akae hadi mwisho. Aseme mchezo ulijaribu kufanya nini kabla hajasema ulishindwa wapi. Amsifu fundi wa taa na mshonaji wa maleba kwa majina, kama wanastahili. Aache maneno "mmetisha" na "hongereni sana" kwa ajili ya harusi. Na asiwe ndugu wa mwigizaji mkuu. Sharti la mwisho ni gumu mlimani, ambako kila mtu ni shemeji wa mtu, basi angalau autaje undugu wake hewani kabla ya kuanza.

Nanyi wasanii, mhakiki akiwakosoa msimtumie ujumbe usiku. Mwalikeni onyesho lijalo.

Hatua ya 8: Tumia Desemba

Kalenda ya tuzo hupangwa na watu wa mbali. Kalenda ya Kilimanjaro hupangwa na Krismasi. Wiki ya mwisho ya Desemba mabasi hupanda kutoka Dar es Salaam yamejaa, vihamba vinajaa watoto, mbege inapikwa, na waliofanikiwa mjini wanatafuta mahali pa kwenda mchana. Hakuna msimu mwingine ambao Kibosho, Mwika na Kilema huwa na hadhira kubwa kiasi hicho, yenye fedha mfukoni na hamu ya kucheka. Kumbi za parokia, za usharika na za shule zipo. Omba kibali mapema, bandika matangazo, andaa mchezo mpya. Kikundi kinachosubiri mwaliko wa tamasha huku Desemba ikipita nyumbani kwake kinajinyima chakula kilichokwisha kupakuliwa.

Hatua ya 9: Siku mkishinda

Fedha zihesabiwe mbele ya wote, siku hiyo hiyo. Aliyebeba viti apate fungu lake. Jina la mwandishi litajwe sawa na la mwigizaji nyota. Onyesho la kwanza baada ya ushindi lifanyike nyumbani, kwa kiingilio kile kile cha zamani, ili mama wa ndizi aliyewasahihisha aone kazi yake. Kisha ombeni maelezo ya majaji kwa maandishi, myasome pamoja, na muyaweke mahali salama kuliko kombe.

Kwenu waandaaji wa mashindano, kuanzia kata hadi mkoa: kila mnapotoa alama, toeni na sababu, na sababu hizo mzibandike ukutani pamoja na matokeo. Kwenu walimu: wapelekeni wanafunzi wakaone kile mnachowafundisha kuhakiki. Na kwako msomaji: onyesho lijalo likitangazwa karibu nawe, nenda, lipa, kaa hadi mwisho, kisha umwambie mwongozaji ukweli wako. Vikundi vya Moshi vinahitaji tuzo chache zenye maelezo na watazamaji wengi wenye ujasiri wa kusema walichokiona.