Namna ya Kuendesha Baiskeli kwa Utulivu Tongaren

Kasoro ya kwanza ya Tongaren, huku magharibi mwa Kenya, kwa mpenda baiskeli aliyesoma majarida ya ng'ambo, ni bahari: haipo. Ufuo wa karibu uko Mombasa, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Usikate tamaa. Ukiacha bahari, majarida hayo yanataka vitu vitatu tu: maeneo oevu, nyanda tambarare na barabara tulivu. Maeneo oevu tunayo. Tambarare nazo ni zetu kwa asili, ila Mto Nzoia huzihamisha kila masika na kuzimwaga Budalangi, kando ya Ziwa Victoria, ambako watu hupokea udongo wa mashamba yetu bila hati miliki, tena na mafuriko juu. Ukitaka ardhi iliyolala kabisa, ufuate udongo huo. Sisi tuliobaki huku juu tuna vilima.

Sasa barabara. Usitumie ile kuu ya Kitale kwenda Webuye, isipokuwa una haja ya kukutana na Muumba wako kabla ya chakula cha mchana. Hiyo ni njia ya matrela ya Lodwar na Sudan Kusini, na dereva aliyetoka Juba hana habari na kofia yako ya plastiki. Ukifika Kamukuywa, kata uingie ndani, upande wa Ndalu na Naitiri. Huku mashamba ya walowezi yaligawanywa miaka ya 1960 kuwa skimu, watu wakapewa ploti, na barabara ya udongo mwekundu inashuka hadi kijito, inavuka kalvati, inapanda, kisha inashuka tena kwenye kijito kingine. Chini kabisa, penye maji, ndiko kuliko eneo oevu ulilolifuata. Utaliona: nduma, majani ya nepia, tanuri la matofali, ng'ombe aliyefungwa kamba ndefu, na safu ya mikaratusi iliyopandwa na mtu aliyechoka na chepechepe. Ukiwa na bahati, korongo taji wawili watakuwa wanatembea katikati ya hayo yote kama maafisa wa ardhi.

Nenda asubuhi. Wakati wa mvua, mchana ukigeuka mawingu hunyanyuka kutoka Mlima Elgon, na udongo ule mwekundu huingia chini ya madigadi ukakaza gurudumu lisizunguke. Hapo utabeba baiskeli begani, na mwenye kukutana nawe atacheka kwa adabu, akigeukia upande.

Lakini matope si tatizo. Tatizo ni watu. Tongaren hakuna mtu anayeendesha baiskeli bure. Baiskeli ni chombo cha kazi, hasa Black Mamba, lile jeusi la chuma lenye gia moja na keria inayobeba gunia la mahindi la kilo 90 bila kulalamika. Huku magharibi ndiko teksi ya baiskeli ilikoanzia, mpakani Busia, ikavusha watu na magendo hadi jina la boda boda likaenea Afrika Mashariki nzima. Mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250, na vijana wakahama na kelele zao. Kwa hiyo mtu mzima aliye juu ya baiskeli leo, hana abiria, hana gunia, na amevaa kaptura ya kubana, ni mtu mwenye jambo.

Hilo jambo lazima lijulikane. Kwanza utasalimiwa: mulembe! Ni lazima ujibu, tena kwa kupunguza mwendo, maana ukipita kimya habari itafika kwenu kabla yako kwamba umekuwa na maringo. Kisha yaja mahojiano.

"Papa, pikipiki imeharibika?"

"Hapana, mama. Naendesha tu."

"Unaenda wapi?"

"Nazunguka, halafu narudi."

Mama ataweka jembe chini. Atakutazama kwa huruma, atauliza unatoka kwa nani, na kama wazazi wako wako hai. Jibu lolote utakalotoa litaongeza wasiwasi wake. Watoto nao watakimbia ubavuni mwako mlimani wakiimba "hawayu", bila kuhema, wakati wewe umeshafika gia ya mwisho. Usijaribu kuwaacha. Hii ni nchi ya wakimbiaji. Hata mwendesha baiskeli Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, ilimbidi akashinde Tour de France mara nne kwa leseni ya Uingereza.

Basi sikiliza siri. Utulivu Tongaren haupatikani kwa kutafuta barabara isiyo na watu, kwa sababu haipo. Unapatikana kwa kubeba mzigo. Tafuta jerikani la manjano la lita 20, tupu, uliweke wima kwenye keria. Chukua blada, ule ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Nasa ncha moja chini ya chuma cha keria, uuvute hadi ulie, uzungushe mara mbili shingoni mwa jerikani, kisha chomeka ncha ya pili chini ya mzunguko wa kwanza. Usifunge fundo. Fundo linamtangaza mgeni. Ukishamaliza, panda baiskeli ukunje uso kidogo.

Utashangaa. Mama yule yule atasema mulembe na kuendelea kupalilia. Unapeleka maziwa, au umeshapeleka. Mambo yako yanaeleweka. Sasa waweza kusimama kwenye kalvati nusu saa nzima ukiwatazama korongo, na kila apitaye atajua unamngoja mtu. Kwenye mlima shuka usukume, kama wenye mizigo wote wanavyofanya. Kupanda mlima ukiwa umekaa ni dalili nyingine ya kukosa kazi.

Kiumbe pekee katika eneo hili anayeachwa kwa amani bila mzigo ni nzohe. Ukitaka kumwona, nenda hadi Kitale, ushike njia ya Kapenguria, ukate kuelekea Saiwa, hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote Kenya: kilomita za mraba 3 hivi, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya swala huyu wa kwenye mafunjo. Ndani hakuna magari. Ni kwa miguu, juu ya njia za mbao. Nzohe akiona mahojiano yanakuja, huzama majini akabakiza pua. Mbinu nzuri, ila kwato zako hazikuumbwa kwa matope.

Jerikani nalo lina gharama yake. Baada ya muda utazoeleka, na ukizoeleka utatumwa. Mtu wa Naitiri atakusimamisha akupe kuku wa kumpelekea shemeji yake Ndalu, kwa kuwa unaelekea huko huko. Usimweke kwenye keria, atachafua jerikani. Mfunge miguu, umning'inize kwenye usukani upande wa kushoto, ili mkono wa kulia ubaki na breki. Na usipite sokoni naye. Kila mtu atauliza bei.