Maembe Yote ni Daladala

Maembe yote ni daladala. Baadhi ya daladala huenda Mbagala. Je, inafuata kwamba baadhi ya maembe huenda Mbagala? Mtahiniwa mwenye akili zake, aliyepanda daladala tangu akiwa mgongoni kwa mama yake na kula maembe mpaka midomo ikamwasha, akikutana na swali hili kwenye usaili wa kazi hugeuza karatasi kwanza, aone kama nyuma pameandikwa kwamba mtunzi alikuwa na homa. Hapajaandikwa. Kuna swali la pili tu, linalodai kwamba walimu wote ni sufuria. Saa inakwenda, jirani yake anachora miduara kama anayepanga visahani vya chai, karatasi zinakusanywa, na baada ya wiki mbili anaambiwa kwamba uwezo wake wa kufikiri hautoshi kwa kazi ya ukarani. Hukumu hiyo naipinga. Mtu huyu hakushindwa kufikiri. Aliingizwa mchezoni bila kuambiwa kwamba ni mchezo, kisha akaadhibiwa kwa kuendelea kuzungumza kama wazungumzavyo watu.

Mchezo wenyewe ni mkongwe. Aristotle aliupangia kanuni zaidi ya miaka 2300 iliyopita: kauli mbili, halafu hitimisho. Ukizigeuza kauli hizo kwa kila namna unapata maumbo 256, na yanayosimama ni 24 tu. Hata hayo 24 yana ugomvi, kwa sababu wanamantiki wa siku hizi huyakataa 9 kati yake. Kwao neno “wote” haliahidi kwamba yupo hata mmoja. Mwenye nyumba ambayo haina mpangaji hata wa dawa akitangaza kwamba wapangaji wake wote wamelipa kodi, kwa hesabu yao amesema kweli tupu, na utupu wa kweli hiyo uko palepale kwenye vyumba vyake. Wanafalsafa walioandika kwa Kiarabu waliiita hoja ya namna hii qiyas. Neno hilohilo lilipofika pwani yetu likawa kiasi, nasi tukalipeleka jikoni: tia chumvi kiasi. Sidhani kama tulilidhulumu.

Tatizo linaanza na maneno madogo. Chukua “baadhi”. Kwenye mtihani maana yake ni angalau mmoja, na huenda wote. Nyumbani maana yake ni wengine ndiyo, wengine hapana. Mtoto ametumwa mandazi kumi kwa mama ntilie, anarudi na karatasi yenye mafuta, anaulizwa mandazi yako wapi, anajibu kwamba baadhi amekula. Mama anauliza yako wapi yaliyobaki. Hakuna yaliyobaki. Kwa mwanamantiki mtoto huyu ni mkweli wa kupigiwa mfano, maana aliyekula kumi amekula pia angalau moja. Kwa mama yake ni mwongo, na kibao kitakachofuata kina hoja nyuma yake. Hoja hiyo iliwahi kuandikwa na mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, katika makala iliyochapishwa mwaka 1975: watu wanapozungumza, kila mmoja anamtegemea mwenzake aseme kwa ukamilifu unaotosha, hivyo anayesema “baadhi” huku akijua ni yote amewapotosha wasikilizaji ingawa hakusema uongo. Watunga mitihani ya benki nchini India nadhani waliuona mtego huo, kwa sababu siku hizi maswali yao yana kauli nyingine, “wachache tu”, ambayo maana yake ni kwamba wengine ndiyo na wengine hapana. Yaani walizunguka mji mzima wakarudi kwa mama wa mandazi.

Kiswahili nacho kina ukaidi wake. Husemwa kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu, na hakuna mzee aliyewahi kuielewa vibaya methali hiyo. Isome kwa jicho la mtihani, inakuambia kwamba hakuna kitu king'aacho ambacho ni dhahabu, kwa hiyo sonara yeyote mwenye mali inayong'aa akamatwe. Anayetafsiri maswali haya haraka haraka bila kupima tofauti ya “si wote” na “wote si” anawafelisha watu kwa kosa lake mwenyewe, na hajui.

Juu ya maneno kuna adabu ya ushahidi. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia Mrusi Alexander Luria alikwenda Uzbekistan akawauliza wanakijiji ambao hawakusoma: kaskazini ya mbali, penye theluji, dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, dubu wa huko wana rangi gani? Mmoja alijibu kwamba yeye hajafika huko wala hajamwona dubu mweupe. Angekuwapo mzee wa miaka sitini au themanini aliyemwona na kusimulia, huyo angeaminika. Miaka mingi baadaye, kule Liberia, mkulima wa Kikpelle aliambiwa kwamba wanaume wote wa Kikpelle hulima mpunga na kwamba Bwana Smith halimi mpunga, akaulizwa kama Bwana Smith ni Mkpelle. Alisema hamjui mtu huyo. Akaeleza kwamba mtu usiyemjua, likija swali juu yake, ni vigumu kulijibu. Yeye hamjui, basi ni vigumu kwake. Angalia alichofanya. Kauli ya jumla, kauli ya mtu mmoja, hitimisho, na hitimisho linafuata. Alilikataa swali la mantiki kwa mantiki safi kuliko ya swali lenyewe. Kwenye karatasi ya usaili angepata sifuri. Mahakamani hakimu angemshukuru kwa kutosema asichokijua.

Kuna watakaosema kwamba nawatetea watu wasiotaka kufuata maagizo. Kazi nyingi zinamtaka mtu ashike kilichoandikwa na aweke kando anachokijua: karani wa bima husoma masharti ya mkataba, si sura ya mteja, na anayeandika programu za kompyuta hawezi kuiomba mashine imwelewe kiutu uzima. Nakubali kabisa. Lakini ni nani aliyesema kwamba watu hawa hawawezi kuingia katika ulimwengu wa kubuni? Mtoto wa miaka mitano akisikia “Kitendawili!” anajibu “Tega!”, kisha akiambiwa nyumba yangu haina mlango haulizi fundi alitokea wapi, wala kama manispaa ilitoa kibali. Anatafuta yai. Lile “tega” ni mkataba: kuanzia sasa, mpaka tutakapotoka, nakubali usemalo. Hata Luria aliona kwamba waliopata shule kidogo tu walijibu habari ya dubu bila shida. Miezi michache haiwezi kumpa mtu ubongo mpya. Inamfundisha kwamba mwalimu akiuliza, anatega. Basi kinachopimwa ni ufundi unaofundishika, kama kuendesha baiskeli, na ufundi usiofundishwa kwa mtu hauwi kipimo cha akili yake.

Pingamizi lililo zito zaidi ni hili: mitaani watu wanaumizana kwa hoja mbovu, kwa hiyo ni vema waajiri wawachuje. Wezi wote hutembea usiku, Baba Asha hutembea usiku, basi. Hakuna anayekumbuka kwamba Baba Asha ni muuguzi wa zamu. Umbo hilo la hoja ni bovu, tena kosa lake ni lilelile la maembe ya Mbagala, na ubovu wake ni wa hatari. Ila ndipo mtihani wa maembe unaponichekesha kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka 1983 wanasaikolojia watatu wa Uingereza, Jonathan Evans na wenzake, waliwapa watu hoja ambazo hitimisho lake halifuati. Hitimisho lilipokuwa la kuaminika, lilikubaliwa kwa asilimia 71. Lilipokuwa la ajabu, kwa asilimia 10. Ubovu wa hoja ni uleule, ila jicho hufumbuka pale tu jibu lisipopendeza. Hakuna aliyefilisika kwa sababu ya maembe yanayodaiwa kuwa magari. Watu hufilisika kwa upatu: matajiri wote walithubutu kuwekeza, wewe leo unathubutu, basi wewe tajiri, lete laki mbili. Mwenye kuchora miduara bila kosa asubuhi anaweza kutoa laki mbili hizo jioni, kwani mtihani ulimpima mahali ambapo hana tamaa wala hofu. Anayetaka kujua kama karani ataichunguza hoja ampe hoja yenye hitimisho tamu.

Kwa watunga mitihani ombi langu ni la mistari miwili, juu kabisa ya karatasi, kabla ya swali la kwanza. Andikeni kwamba kila kauli ichukuliwe kuwa kweli hata kama ni upuuzi, na kwamba “baadhi” maana yake ni angalau mmoja na huenda wote. Wino wake haugharimu kitu, na mtahiniwa atajua kwamba ametegewa.

Nanyi mliokuwa mnangoja jibu tangu mwanzo: halifuati. Huenda daladala za Mbagala ni zile ambazo si maembe.