Simu Yangu Imeandikishwa Shule

Simu ninayo moja, na kioo chake kina ufa. Tangu mwaka wa masomo uanze, hata hiyo moja si yangu tena. Shule ya mjukuu wangu imefungua kikundi cha wazazi kwenye WhatsApp, na kwa kuwa hapa nyumbani simu inayopokea picha ni hii tu, nimerudishwa kwenye uzazi nikiwa mstaafu. Jioni, bukari ikiwa bado jikoni, mtoto ananijia mkono umetangulia mbele: "Nkambo, leta telefone, devoir inakuya." Kabla sijamjibu ameshaichukua.

Hiyo kazi ya nyumbani yenyewe ni picha ya ubao. Imepigwa upande, na kivuli cha mwalimu kimelala juu ya mstari wa pili, ule wenye swali. Yote ni Kifaransa. Wakubwa wakija kukagua wataambiwa kwamba teknolojia imeingia darasani. Mimi ninachokiona ni ubao uleule wa chaki, ila sasa mega za kuutazama nalipa mimi.

Tena tusimsingizie mwalimu. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure hapa Kongo mwaka 2019, watoto walijaa madarasani, na jambo hilo ni jema, lakini madawati hayakuzaliana. Darasa la mjukuu wangu lina mtoto wa Kisanga, wa Kiluba, wa Kibemba, wa Kichokwe, na wengine ambao babu zao walitoka Kasai kuja kufanya kazi kwenye shaba. Yuko hata mmoja ambaye baba yake ni mlinzi katika kiwanda cha Wachina, naye anahesabu Kichina hadi kumi bila kupumua. Wote hao uwanjani wanagombana kwa Kiswahili, wanapatana kwa Kiswahili, kisha kengele inalia, Kifaransa kinaanza, na wote wanakuwa mabubu.

Muhula uliopita mjukuu wangu alileta bulletin yenye alama nyekundu kwenye kusoma. Kusoma! Huyu ndiye anayemsomea bibi yake Biblia ya Kiswahili kila usiku, kwa sauti ya padri, na akifika kwenye majina magumu ya wana wa Israeli haruki hata moja. Ndiye anayenielezea kwa nini simu yangu imejaa. Fundi wa redio mtaani kwetu Kikula, hapa Likasi, akikwama na karatasi ya maelekezo, humwita huyu. Nikaenda shuleni kuuliza. Mwalimu alinipa kiti, akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema: "Papa, programu ni programu." Nikashukuru, nikarudi nyumbani na programu yangu.

Sasa sikilizeni mambo ya sheria, maana mstaafu ana muda wa kusoma sheria. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaongeza kwamba lugha za taifa, au lugha za mahali pale, zitumike kufundishia. Ni sheria nzuri sana. Imeandikwa Kifaransa.

Na mke wangu je? Kwenye fomu ya shule kuna mahali pa kuandika kama mzazi anajua kusoma. Mbele ya jina lake wameandika "non". Haya. Huyu mama anauza samaki wakavu, na mzigo wake unatoka Kasenga, kule kwenye mto Luapula. Biashara yote anaiendesha kwa ujumbe wa sauti: bei, uzito, gari litakalobeba, na ukali wake kwa yule anayechelewesha. Ujumbe wa pesa kuingia anautambua kwa sura yake, na ule wa matapeli anautambua haraka zaidi. Jirani yetu mwenye diploma mbili, moja ameitundika ukutani, aliupokea huohuo wa matapeli, akausoma wote na alama zake za vituo, akaufuata hatua kwa hatua, akapeleka pesa. Kwenye fomu yake wameandika "oui".

Nikilalamika hivi, vijana wananiambia kwamba huko duniani wataalamu wanajadili sana mambo haya, kwamba kusoma si herufi tu, kuna kusoma picha, sauti, alama, na utamaduni wa mtu. Wanajadili! Huku kwetu Katanga Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa mbao wa kushika mkononi, umepambwa kwa shanga na makombe. Watu wa chama cha Mbudye walipitisha kidole juu yake na kueleza wafalme, safari, mipaka na nani alimrithi nani. Usomaji ule ulihitaji miaka ya mafunzo, wala haukuwa wa kila mtu. Mwaka 1996 mbao hizo zilionyeshwa katika jumba la makumbusho New York, watu wakatoa pesa kuziangalia. Mjukuu wangu hajawahi kuiona hata picha yake darasani, na picha za ubao, kama nilivyosema, zinakuja kila jioni.

Au mchukueni André Yav. Mwaka 1965 kule Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, aliandika historia ya mji kwa niaba ya watumishi wa majumbani, wale waliowapikia na kuwafulia Wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga, maneno akiyagawa alivyosikia mwenyewe. Profesa Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990, hakuweza kuumaliza utamu wa andiko lile kwa macho peke yake. Ilibidi mtu mwenye lugha yake alisome kwa sauti, ndipo maneno yakakaa mahali pake. Angelipeleka shuleni kwetu, mzee Yav angerudishiwa karatasi imejaa wino mwekundu.

Niwe mkweli kwa shule, kuna jioni moja ilikuja kazi nzuri: mtoto aulize jina la zamani la mji wetu. Nikajiweka sawa kwenye kiti, nikakohoa kidogo. Mtoto hata hakunitazama. Aliiuliza simu. Simu ikamwambia Jadotville, kisha ikamletea filamu ya 2016 kuhusu wanajeshi wa Ayalandi wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa hapa Septemba 1961 na askari wa Katanga. Risasi, moshi, kelele. "Nkambo, hapa ni wapi?" Nikamwambia hapo si hapa, walipigia picha Afrika Kusini. Akashangaa kwamba filamu inaweza kuwa ya kwetu na isiwe kwetu. Tukakaa. Nikampa ya Jadot, yule Mbelgiji aliyeacha jina lake mjini kwetu hadi 1966. Nikampa ya Shituru na moshi wake, nikampa ya Shinkolobwe, jirani yetu hapa, ambayo urani yake ilikwenda kutengeneza mabomu ya Wamarekani. Bibi yake akaingilia kutoka jikoni, akanisahihisha mara nyingi kuliko ninavyopenda, kwa sababu yeye anakumbuka nani alikaa nyumba ipi. Mtoto akarekodi kila kitu.

Nafasi ya jibu kwenye ile karatasi ilikuwa nukta za mstari mmoja. Akaandika: Jadotville. Akapata alama zote.

Ile rekodi bado iko kwenye simu, imekula nafasi, na sina moyo wa kuifuta. Hakuna aliyeiomba. Hakuna aliyemwambia mtoto aiandike kwa Kiswahili chake kwanza, kisha aipeleke kwenye Kifaransa, kazi ambayo ingemfundisha hicho Kifaransa kuliko picha zote za ubao zilizolala upande. Na darasa lina watoto wengi hivyo, kila mmoja na bibi yake: ungepata mji mzima kwa bei ya mega zilezile.

Basi, walimu wetu, ombi langu ni dogo. Mara mojamoja tumeni kazi kwa sauti, kwa Kiswahili, ili aliyeandikiwa "non" naye ajibu. Atajibu, msiwe na shaka, na mtamwomba anyamaze.

Na wewe mzazi mwenzangu, unayetuma "bonjour" yenye waridi na njiwa kila alfajiri kwenye kikundi cha masomo, jina lako ninalijua na nyumba yako ninaijua. Acha. Mega hizo ni za mtoto.