Mota Haina Pepo, Fundi

Mota ya hatua, ile inayosogeza kichwa cha printa, ikianza kutetemeka pale pale badala ya kuzunguka, fundi wetu wa kisasa hashiki bisibisi. Anafungua kompyuta. Anaandika programu upya, analaumu bodi, analaumu kiwanda. Nyaya? Ah, nyaya ni kazi ya vibarua.

Na nyaya zenyewe mara nyingi ni nne tu, jozi mbili, kila jozi koili moja. Ukizichanganya, mota inanguruma na kutikisika kama mgonjwa wa homa, haiendi mbele wala nyuma. Kuzitambua hakuhitaji shahada: ichomoe mota, gusanisha nyaya mbili, zungusha shafti kwa vidole. Ikiwa nzito, jozi umeipata. Lakini vidole havina cheti, nani aviamini?

Yupo pia anayetaka mota itoke kusimama hadi kasi kamili papo hapo, kisha anashangaa hatua zimepotea. Mota ya kawaida hupiga hatua 200 kwa mzunguko, nyuzi 1.8 kila moja, na haina jicho la kujua imekosa ipi. Programu inaandika zote zimetimia. (Ripoti za miradi tunazifahamu.)

Na ile skrubu ndogo ya kurekebisha mkondo kwenye draiva ya A4988, bodi ndogo inayoipa mota umeme wake, haijaguswa tangu kiwandani. Mkondo ukiwa mdogo, mota inaruka hatua. Ukizidi, draiva inachemka, inajizima, inapoa, inaanza tena. Hapo bwana fundi anatikisa kichwa, anasema umeme wa mtaa huu mbovu, na kuagiza mota mpya.